Chumba cha hoteli kikishuka bei baada ya kubuki: njia za kuokoa tofauti, kuanzia iliyo bora

Bei ya chumba cha hoteli haitulii. Hupanda na kushuka kufuatana na vyumba vilivyobaki, kwa hiyo chumba ulichobuki Deira, Dubai, kwa dola 80 kwa usiku mmoja unaweza kukikuta kwa dola 62 wiki mbili kabla ya safari. Ukilala siku tano, tofauti ni dola 90, na kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh anayefuata mzigo, hiyo ni pesa ya kusafirishia kilo kadhaa. Usitarajie hoteli ikupigie simu kukuarifu. Nimezipanga njia kwa kigezo kimoja: ipi inakupa haki, na ipi inakuacha ukiomba.

Ya kwanza, tena inaziacha nyingine mbali sana, ni kununua bei inayoruhusu kughairi bila kutozwa. Bei ikishuka, buki upya kwa bei ya leo, kisha ghairi ile ya zamani. Fuata mpangilio huo huo. Ukianza kwa kughairi, chumba cha mwisho kinaweza kuchukuliwa ukiwa bado unaandika namba za kadi. Inapowezekana chagua kulipa ukifika hotelini, maana pesa isiyotoka haina haja ya kurudishwa. Ukilipa kabla, kwa kadi ya benki au ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, pesa za buking ya zamani zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, na kwa sababu kiwango cha dola hubadilika, shilingi zitakazoingia huenda zisilingane na zilizotoka.

Angalia vizuri saa ya mwisho ya kughairi, kwani huhesabiwa kwa saa za mji wa hoteli. Dubai iko saa moja mbele yetu: ukomo wa saa sita usiku kule ni saa tano usiku Dar es Salaam na Nairobi.

Bei inayoruhusu kughairi kwa kawaida huwa juu kidogo. Tuseme ile isiyorudishwa, yaani ukighairi hurudishiwi pesa, ni dola 72 badala ya zile 80. Kwa siku tano utalipa dola 40 zaidi ili ubaki na uhuru wako. Safari ikiwa mwezi mmoja mbele, ningezilipa bila kusita. Ikiwa keshokutwa, chukua isiyorudishwa, kwa kuwa bei haina tena muda wa kushuka.

Ya pili ni kuzungumza na hoteli yenyewe. Hapa hoteli ndogo za Paje, Nungwi, Lamu au Diani zinazishinda zile za kimataifa, kwa sababu anayepokea simu mara nyingi amekaa karibu na mwenye uamuzi. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua pwani, husikilizwa zaidi. Sema kwa upole na ukweli: “Habari za kazi, dada. Nina buking kwenu ya tarehe 12, na leo naona chumba hicho hicho kimeshuka. Mnaweza kunirekebishia?” Uliza pia bei ya wakazi wa Afrika Mashariki, hoteli nyingi zinayo, na mara nyingi haionekani kwenye tovuti za kimataifa. Wakikataa kurudisha pesa, omba chakula cha jioni au usafiri wa kutoka uwanja wa ndege. Ila kama ulimlipa wakala wa mtandaoni, hoteli huenda isiweze kugusa bei. Rudi kwa wakala.

Ya tatu ni ahadi ya wakala ya kulinganisha bei, yaani ukikuta chumba hicho hicho kwa bei ya chini kwingine, unadai tofauti. Booking.com wanayo, na dai hupokelewa hata baada ya kubuki. Chumba, tarehe, idadi ya watu na masharti ya kughairi lazima vifanane, na bei ya chini iwe bado inauzwa wanapoikagua. Linganisha jumla yenye kodi na kifungua kinywa. Dubai, kwa mfano, hutoza ada ya utalii ya dirham 7 hadi 20 kwa chumba kila usiku, kulingana na daraja la hoteli.

Ahadi kama hizo za makampuni makubwa ya hoteli naziweka ya nne, ingawa hutangazwa kwa sauti kubwa. Marriott, kwa mfano, hutaka dai ndani ya saa 24 baada ya kubuki. Zinakufaa ukikuta bei nafuu kwingine siku ile ile. Bei ikishuka wiki tatu baadaye, hazikusaidii.

Huduma za kufuatilia bei, kama Pruvo, hazirudishi pesa. Hukuarifu tu bei ikishuka, na huhitaji buking inayoghairika, kwa hiyo zitumie kuisaidia njia ya kwanza.

Mwisho kabisa ni kinga ya bei ya kadi, yaani benki iliyotoa kadi kukurudishia tofauti bei ikishuka. Usiitegemee: benki ya Citi ya Marekani iliondoa yake mwaka 2019. Na usipinge malipo benki kwa sababu tu bei imeshuka: hoteli ilikuuzia ulichokubali, na dai hilo halina msingi.