Numbeo haijui LUKU: kulinganisha gharama za Dar na Dodoma kabla ya kuhama

Mtu akipata uhamisho wa kwenda Dodoma, siku hizi wengi hufungua kwanza tovuti ya Numbeo. Unaandika mji unaotoka na mji unaokwenda, inakupa jedwali la bei pamoja na makadirio: ukiishi kwa kiasi hiki Dar, kule utahitaji kiasi fulani uishi vilevile. Ni bure na haina usumbufu. Kwa anayelinganisha Dar na Nairobi au Dubai, ninaipendekeza bila wasiwasi. Kwa Dar na Dodoma, makadirio hayo usiyapangie bajeti.

Tovuti hiyo ilianzishwa mwaka 2009, na bei zake nyingi huingizwa na watumiaji wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kusoma chochote, shuka mpaka chini ya ukurasa uangalie watu wangapi wametoa bei na lini mara ya mwisho. Wakiwa wachache, wastani unaouona ni maisha yao hao, na mara nyingi ni watu wa supamaketi. Kapu lenyewe la bidhaa inazolinganisha linaonesha hivyo: kapuchino, jibini, divai, gari jipya, ada ya gym. Mkaa, mtungi wa gesi wa kilo 6, debe la mahindi na dumu la maji havimo. Halafu kipimo chake kikuu cha gharama za maisha, ambacho New York huhesabiwa 100 na miji mingine hupimwa kwake, hakihesabu kodi ya nyumba. Kodi ina kipimo chake pembeni, na wengi hawakioni.

Kodi ndiyo inayoumiza, tena siku ya kwanza. Numbeo inakupa kodi ya mwezi, lakini mwenye nyumba anataka miezi 6 au 12 kwa mkupuo, na dalali anachukua ya mwezi mmoja. Nyumba ya 250,000 kwa miezi 6 ni 1,500,000, weka na dalali inakuwa 1,750,000, na hapo lori la vyombo bado. Linganisha miji kwa hela ya kuingilia kwanza, ya mwezi baadaye.

Umeme bei yake ni moja nchi nzima, ila usidhani bili itafanana. Joto la Dar linawasha feni na AC usiku kucha. Dodoma iko juu, Juni na Julai utatafuta blanketi. Kinachobadilisha hesabu zaidi ni mita. Nyumba yenye matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya VAT na tozo. Mteja wa kawaida hulipa 292. Wapangaji wanne wakichangia mita moja, kila mmoja akitumia uniti 50, jumla ni 200 na punguzo hilo hawalipati: kila mmoja analipa 14,600 badala ya 5,000. Kwa hiyo muulize dalali kama mita ni yako peke yako au ya kuchangia, kabla hujauliza bei. Kumbuka pia kodi ya jengo hukatwa humohumo kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na mara nyingi anayeibeba ni mpangaji.

Maji ni habari nyingine. Dodoma ni eneo kame, mji umetegemea visima vya Mzakwe kwa miaka mingi, na mgawo upo. Nyumba ya bei nafuu isiyo na simtank si nafuu. Madumu 8 kwa siku, kwa mfano wa shilingi 300 kila dumu, ni 72,000 kwa mwezi. Ongeza kiasi hicho kwenye kodi ndipo ulinganishe na nyumba yenye tenki.

Usafiri unategemea kazi iko wapi. Mji wa Serikali Mtumba uko takriban kilomita 17 kutoka katikati ya jiji, hivyo nyumba ya Nkuhungu, upande wa pili wa mji, inaweza kukugharimu kuliko ya Nzuguni iliyo upande wa huko. Mtaa usio na daladala unakulazimu kupanda bodaboda: 1,500 kwenda na 1,500 kurudi kwa siku 22 ni 66,000. Mafuta ya gari hayana tofauti ya kutisha. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutoa bei kikomo za kila mkoa Jumatano ya kwanza ya mwezi, soma hizo. Kama familia inabaki Dar, weka na nauli ya treni ya SGR. Ilipoanza mwaka 2024 daraja la kawaida lilikuwa 31,000, kwenda na kurudi ni 62,000 kwa kichwa.

Chakula ndipo Dodoma inapokupa nafuu, ukibadili mlo. Mahindi ya Kibaigwa yako jirani, alizeti na karanga zinalimwa hapohapo, na nyama ya mnadani ni nzuri. Samaki wa baharini na nazi vinafuata barabara kutoka Pwani na bei inavifuata. Anayehama na mlo wa Dar haoni punguzo lolote.

Ukiweza, kakague nyumba kati ya Septemba na Novemba, kabla mvua hazijaanza. Fungua bomba mwenyewe, na muulize jirani maji hutoka siku zipi.