Huduma ya Ushauri Nasaha kwa Wazazi Walioasili: Tathmini Baada ya Miezi Tisa

Mwanangu alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka mitatu, akitokea makao ya watoto, na jioni moja katika juma la pili aliniuliza: "Mama, zamu yako inaisha saa ngapi?" Kule alikotoka walezi wote waliitwa mama na wote walikuja kwa zamu, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kudhani kwamba mimi ningekuwa tofauti. Swali hilo ndilo lililonifanya nitafute msaada.

Utaratibu wa kuasili chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ulitushughulikia vizuri mwanzoni: afisa ustawi wa jamii alitutembelea nyumbani, mtoto akakaa nasi kwanza kwa malezi ya kambo, na hatimaye Mahakama Kuu ikatoa amri. Baada ya amri hiyo hakuna aliyepiga hodi kutujulia hali, ilhali bado mtoto alikuwa akificha vipande vya chapati chini ya mto, halii hata akianguka, na humfuata mgeni yeyote hadi getini akitaka kuondoka naye. Shangazi yangu alinikumbusha kwamba mwana wa mwenzio mkubwa mwenzio. Mimi, niliyemsubiri mtoto huyu kwa miaka mingi, nilikuwa nikijifungia bafuni na kulia.

Kituo ninachokizungumzia, ambacho sitakitaja jina, kiko Dar es Salaam na hutoza shilingi 40,000 kwa kikao cha saa moja. Mshauri aliyetupokea hakuanza na mtoto, bali alianza na mimi, akaniuliza kama nilikuwa nimewahi kujuta. Nilikiri kwamba ndiyo, naye hakushtuka wala hakunihubiria, na kwangu kikao hicho cha kwanza peke yake kilistahili ada yote.

Kuhusu chapati, alinishauri nisimkataze mtoto, bali niweke kikapu cha ndizi na mkate mahali anapofikia, nikijaze kila usiku mbele ya macho yake, bila kusema neno. Kwa majuma matano mtoto aliamka usiku na kugusa ndizi mojamoja kwa kidole, kisha akarudi kulala. Juma la sita alilala hadi kulipokucha. Kuhusu zamu, niliambiwa nimjibu kwa maneno yaleyale kila anapouliza: "Mama hana zamu."

Kasoro ya huduma hii ni kubwa, na ninaieleza kwa uchungu. Tulipofika kwa kikao cha kumi na moja tulimkuta mtu mwingine, na mapokezi wakatuarifu kwamba mshauri wetu amehamishiwa tawi jingine. Mwanangu alimtazama yule dada mgeni, akanigeukia na kuuliza, "Zamu ya Anti imeisha?" Usiku ule alikirudia kikapu. Katika huduma nyingi kubadilisha mtumishi ni jambo la kawaida la kiofisi, lakini mtoto ambaye tangu azaliwe ameachwa na mtu mmoja baada ya mwingine bila kuagwa hupata jeraha lilelile ambalo wazazi wake wamelipa litibiwe.

Nililalamika kwa barua. Meneja alinisikiliza kwa heshima na akamwita mshauri wa awali kwa kikao kimoja cha kuagana, ambapo aliketi mkekani na mtoto, akamweleza anakofanya kazi sasa na kwamba hakuondoka kwa sababu ya kosa lake. Kilisaidia sana, ingawa kisingefanyika kama nisingekidai.

Ninawashauri wazazi wenzangu waitumie huduma ya namna hii mapema, hata kabla ya amri ya mahakama, lakini kabla ya kulipa waulize ni nani atakayekaa na mtoto na kwa muda gani. Sisi bado tunakwenda, kila Jumamosi ya pili saa nne asubuhi, kwa mshauri mpya ambaye ameahidi kwa maandishi kutuarifu vikao vitatu kabla endapo atahama.