Duka la vipodozi Mwanjelwa linalokusomea lebo

Nina saluni ndogo Uyole, hapa Mbeya, kwa hiyo maduka ya vipodozi nayajua. Hili liko nje kidogo ya soko la Mwanjelwa, mlango mwembamba, wanauza mama na mwanawe. Niliingia mara ya kwanza mwezi wa Saba, baridi imenipasua midomo na visigino, nimeongozana na binti wa kaka yangu aliyetaka awe mweupe kabla ya sendofu yake.

Binti akatoa simu, akaonyesha picha ya tyubu ambayo shoga zake huichanganya kwenye losheni. Mkorogo wenyewe huo. Yule kijana akaikuza picha, akasoma, akasema, "Hii ni dawa, dada, siyo kipodozi. Hapa hatuuzi." Ilikuwa klobetasoli, steroidi ambayo daktari humwandikia mtu mwenye pumu ya ngozi, tena kwa muda mfupi. Ukijipaka usoni kila siku ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zinatoka. Wateja wa hivyo ninao. Dawa ya nywele ikimgusa kwenye paji la uso, mtu mzima anatoa machozi kitini kwangu, na mimi sina la kumsaidia zaidi ya maji.

Kisha akashusha losheni moja, akatuonyesha pa kutazama: jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi, halafu viambato. Haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki pia, na hiyo lebo inaweza kuiita "calomel" mtu akapita bila kushtuka, wakati inapenya ngozini na kuharibu figo. Nikauliza nani anakagua haya yote, nikaitaja TFDA, ile mamlaka ya zamani ya chakula, dawa na vipodozi. Akanisahihisha kwa upole: "Mama, tangu 2019 dawa ziko TMDA, vipodozi viko TBS." Yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na Shirika la Viwango. Miaka yote hiyo nina saluni na sikulijua hilo! Sasa fikiria maduka ambayo tyubu ile na losheni vimekaa rafu moja, mamlaka mbili tofauti zinahusika, na mkaguzi hawezi kushinda sokoni kila siku. Anayeshinda pale ni muuzaji. Ndiyo maana nimeandika.

Tukatoka na mafuta ya parachichi, chupa ndogo, shilingi 6,000. Ni ghali kuliko kwingine, lakini midomo ilipona ndani ya wiki na mpaka leo napaka. Risiti walitoa bila kuombwa. Binti alininunia mpaka tunapanda daladala Kabwe.

Jambo moja limeniuma. Chini ya meza wana dumu la mafuta ya nazi ya kupima, wanamimina kwenye chupa za maji zilizotumika. Hakuna jina, hakuna tarehe. Nilimwambia mama mwenye duka, akajibu kwamba wateja wa shilingi 500 nao wanahitaji mafuta. Namwelewa, mimi pia nina wateja wa hivyo. Lakini mtoto akitoka vipele kwa mafuta yale, mzazi wake atasoma wapi? Angalau wabandike karatasi, waandike yametoka kwa nani na yalifunguliwa lini.

Mwisho wa mwezi nakwenda kufunga mzigo wa saluni, na nitachungulia kwanza chini ya ile meza.