Kabla hujauza Phoenix yako, soma ubavu wa tairi

Mishahara ikitoka tu, simu yangu inajaa picha. "Dada, hii nimeambiwa laki nne na nusu, nichukue?" Ni baiskeli ya gia inayong'aa, breki za diski, shokapu mbele. Anayeuliza kwa kawaida ana baiskeli ya Phoenix nyumbani, anakaa Buhongwa au Igoma hapa Mwanza, kazi yake iko mjini. Miezi kadhaa baadaye yanakuja malalamiko: baiskeli imelala stoo, tairi limekwisha na jingine halipatikani.

Kwa hiyo rangi, uzito na siti nakuachia mwenyewe. Mimi nataka uiname usome ubavu wa tairi.

Utakuta namba mbili zenye kistari katikati, mfano 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, kwa milimita, na hiyo ndiyo ya kushika. Ile "26" ya inchi wanayoitaja wauzaji haikwambii kitu. Mtumba wa Japani wa 26 x 1⅜ una ringi ya 590. Mauntini, yaani baiskeli ya milimani, ya 26 x 1.95 ina ya 559. Zote 26, na tairi la moja halikai kwenye nyingine hata fundi atoe jasho. Kituko zaidi, baiskeli ya 27.5 ina ringi ya 584, ndogo kuliko hiyo 26 ya Mjapani! Phoenix ya 28 ni 635, wakati 28 nyingi za mtumba wa Ulaya ni 622. Tyubu unaweza kubahatisha kwa sababu inavutika. Tairi lina waya ukingoni, na waya hauvutiki.

Nilimweleza hayo muuzaji mmoja, akacheka: "Dada, ishirini na sita ni ishirini na sita." Baiskeli aliyokuwa akinisifia ilikuwa na 590 nyuma na 559 mbele. Ilikuwa imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji ziwani, na breki ya mbele inalamba tairi badala ya ringi.

Sasa nizipange baiskeli za kwendea kazini, kuanzia ninayoipenda zaidi. Ya kwanza, na sifichi upendeleo, ni Bridgestone ya mtumba kutoka Japani yenye gia tatu ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu. Ndiyo, ni walewale wa matairi ya magari. Gia zikiwa ndani ya habu, vumbi na tope la masika havizifikii, na unabadilisha hata ukiwa umesimama, daladala imekuzibia njia. Kilima cha Bugando unakipanda umekaa. Ina madigadi kamili na kava ya cheni, suruali ya kazini inafika safi. Kutoa gurudumu la nyuma ni shughuli, lakini fundi mzoefu anavuta tyubu pembeni na kuziba pancha bila kulitoa. Chukua yenye ringi ya 590. Ziko za 27 zenye ringi ya 630, hizo ziache. Ziko pia zinazoendeshwa kwa mkanda badala ya cheni: tamu, kimya kabisa, ila mkanda ukikatika utautafuta wapi?

Ya pili ni hiyohiyo Phoenix uliyonayo. Ni nzito, na Isamilo utashuka usukume, lakini tairi lake hata gulioni lipo. Kama safari yako ni Kirumba hadi Pasiansi, sioni sababu ya kuiuza. Ila ringi za kromu zikilowa breki inakuwa ya kubembeleza, kwa hiyo siku ya mvua anza kuibana kabla mteremko haujakuchukua.

Ya tatu, Giant au Trek ya mtumba, mauntini yenye ringi ya 559. Hii ndiyo ndoto ninayoweza kuitetea: ringi za alumini, gia za kutosha. Bonyeza shokapu, kama imekufa, unabeba chuma cha bure. Na madigadi utanunua mwenyewe.

Zile za kwenye picha, 29 mpya za diski, naziweka mwisho. Kila aina ya breki ina umbo lake la pedi, na diski ikipinda kidogo tu inakuimbia njia nzima. Za bei ya kutupa zisizo na jina? Pedeli za plastiki. Tuendelee.

Bei ndiyo inayonichosha. Nenda na kitambulisho cha kazi shingoni uone inavyopaa. Ukiuliza, unaambiwa dola imepanda. Sawa, lakini baiskeli iliyokaa pale nje tangu mwaka juzi, ikipigwa jua hadi siti imepasuka, nayo inapandaje na dola? Kuna wanaopaka rangi fremu yoyote na kubandika jina la Kijapani juu yake. Tafuta stika ndogo ya usajili wa kuzuia wizi, yenye maandishi ya Kijapani na namba. Baiskeli nyingi za huko huja nayo. Kisha dai risiti yenye namba ya fremu, ile iliyogongwa kwenye chuma. Akikataa kuiandika, usitoe hela, maana huenda ni ya wizi na mwenyewe anaitafuta.