SSD ya kununua kama diski ya laptopu yako imeganda kwenye asilimia 100

Malalamiko niliyopokea siku hizi yanafanana. Laptopu ilikuwa inakwama, fundi akasema weka SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani inayozunguka), mtu akaweka, na bado diski inasoma asilimia 100. Mmoja wao ni mpiga video za harusi kule Mafinga. Akihamisha video za sendofu kutoka kwenye kadi, mwanzoni mambo yanakwenda mbio, halafu mwendo unaanguka mpaka kufungua folda inakuwa shughuli. Ameshaambiwa ni virusi. Si virusi.

Kabla hujatoa hela, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia Performance, kisha Disk. Asilimia 100 pale haina maana kwamba diski imejaa, inapima tu muda ambao diski iko kazini. Itazame Average response time, inayohesabiwa kwa milisekunde. Ikiwa inacheza kwenye mamia huku data inayopita ni MB chache tu, diski imezidiwa au inaelekea kufa. Fungua CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski: ukikuta njano au nyekundu, nakili mafaili yako leo hii. Na kama RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ni GB 4 na imejaa muda wote, Windows inahamishia mzigo wa RAM kwenye diski. Hapo ongeza RAM kwanza, SSD ingoje.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi sina haja nayo. Karibu kila SSD ya SATA, yaani inayounganishwa kwa njia ya kawaida ya diski za laptopu, inajisifia MB 500 na ushee kwa sekunde, kwa kuwa njia yenyewe ya SATA haivuki 600. Kinachonichosha ni kile ambacho boksi linanyamazia: mwendo baada ya kashe kujaa. SSD nyingi hutenga sehemu ndogo ya kupokelea data haraka, ndipo baadaye ziipange taratibu kwenye chipu zake. Ni kama magunia ya viazi: kuyashusha kibarazani ni dakika chache, kuyaingiza stoo ndiko kwenye kazi. Kibaraza kikijaa, lori linasubiri. Samsung wenyewe wameandika kwamba 870 QVO ya TB 1 ikishapokea kama GB 42 mfululizo, inashuka mpaka MB 80 kwa sekunde. Ziko HDD za zamani, zile diski za kuzunguka, zinazoipita! Sababu ni chipu za QLC, zinazobana biti nne kwenye kila seli, wakati TLC hubeba tatu. Jambo la pili ni DRAM, kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya SSD: SSD yenye DRAM yake huweka humo ramani ya mahali data ilipo. Isiyo nayo huitafuta ramani kwenye chipu za polepole, na mzigo ukizidi utaona asilimia 100 ileile uliyoikimbia.

Namba moja kwangu ni Samsung 870 EVO ya GB 500, na upendeleo wangu siufichi. Ina TLC, ina DRAM, na waranti ya kiwandani ni miaka 5 au TB 300 za kuandika, kipi kitangulie. Hata ile ya GB 250, kashe ikijaa, inashuka mpaka MB 300 kwa sekunde tu. Soma herufi vizuri: EVO, siyo QVO. Feki zake zipo, kwa hiyo ukifika nyumbani iweke programu ya Samsung Magician ikuhakikishie.

Namba mbili ni Crucial MX500: TLC, DRAM, miaka 5. Wengine wataiweka juu, ruksa. Usiichanganye na BX500, ambayo haina DRAM na waranti yake ni miaka 3.

Laptopu yenye nafasi ya M.2 (tundu la SSD nyembamba kama kijiti) ya NVMe, njia iliyo haraka kuliko SATA, chukua WD Blue SN580. Haina DRAM, lakini inaazima kipande cha RAM ya kompyuta, na kwa NVMe hilo linatosha. Fundi athibitishe kwanza, maana nafasi nyingine za M.2 zinapokea SATA peke yake.

Kingston A400 na WD Green ni za kuchapa barua na kuprinti kwenye steshenari. Zile zisizo na jina, pita.

Sasa bei. Hapa Mbeya mjini ukiuliza kwa nini imepita ya Kariakoo kwa kiasi kile, jibu ni moja: "Dada, nauli." SSD ya inchi 2.5 haifiki gramu 100, na imekuja kwenye boksi moja na wenzake. Kwa nyongeza wanayoweka ungedhani kila moja ilikata tiketi yake ikapanda mlima Kitonga peke yake. Ukiomba ijaribiwe kwa kunakili faili la GB 60 mbele yako, unaambiwa ukifungua umenunua. Kiwanda kinatoa miaka 5, muuzaji anakupa wiki moja, na chini ya risiti pamegongwa muhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi hudai namba ya utambulisho ya SSD (serial number) iandikwe kwenye risiti kabla hela haijatoka mfukoni. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, navuka barabara kwenda duka la pili.