Nywele za kipilipili kati ya Nakuru na Kisumu: kilichonifaa na kilichonilia pesa

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na kichwa kilichonyolewa, kama wasichana wengi wa shule za bweni hapa Kenya. Desemba hiyo hiyo, nywele zilipofika urefu wa kushikika tu, shangazi alinipeleka saluni nikatiwa dawa ya kuzilainisha. Ukipiga hesabu, tangu niingie sekondari hadi nilipofika miaka 29 sikuwahi kukaa na nywele zangu zenyewe hata miezi miwili. Nilipoacha dawa nilidhani narudia kitu ninachokijua. Sikuwa nakijua hata kidogo.

Sasa ni miezi 20. Kumi na mmoja ya kwanza nilikuwa Nakuru, tisa iliyobaki nimekuwa hapa Kisumu, na miji hii miwili imezitendea nywele zangu tofauti kabisa. Wenzangu kazini wananiuliza natumia nini, hata abiria wa kando kwenye tuktuk. Wote wanataka jina la kopo. Makopo nimeyanunua, na nitayasema, ila kama una haraka chukua hili moja: nywele zangu zilikuwa na njaa ya maji, nami kwa mwaka mzima nikazilisha mafuta.

Nianze na saluni ya Nakuru, jina naliacha. Nilikuwa na miezi minne bila dawa, yaani kama sentimita nne za nywele mpya shinani, na ncha bado zimelala. Msusi alichukua chanuo la meno membamba, akawasha mashine ya upepo wa moto, akaanza kuchana kutoka kwenye ngozi akishuka. Kavu kabisa, bila tone la maji. Nilizisikia zikikatika. Zina mlio wake, kama bisi zinapoanza kuitika kwenye sufuria, moja, halafu mbili, halafu nyingi. Alipomaliza akanipa kioo nione zilivyonyooka. Mimi nilikuwa naangalia sakafu. Akaniambia nywele zangu ni ngumu, nirudi tu kwenye dawa. Nikalipa shilingi 800, nikapanda matatu ya Kiamunyi na leso kichwani, nikilia.

Baadaye ndiyo nikaelewa kilichotokea. Dawa hizi zina alkali kali sana, mara nyingi sodiamu haidroksaidi, au kalsiamu haidroksaidi kwa zile za kuchanganya chupa mbili, na pH yake hupita 12. Kazi yake ni kuvunja vifungo vya salfa ndani ya keratini, protini inayounda unywele, vile vinavyoufanya unywele ujikunje. Vikivunjwa haviungwi tena, kwa hiyo unasubiri tu ziote mpya, na zinaota karibu sentimita moja kwa mwezi. Muda wote huo unabeba nywele za aina mbili kichwani, na pale zinapokutana ndipo panapokatika. Mwezi wa saba tangu niache dawa niliingia kwa kinyozi wa kawaida, yule wa wanaume, nikamwambia akate kila kilichonyooka. Dakika kumi, shilingi 100. Mwaka ule sikutumia pesa yoyote vizuri kuliko hiyo.

Nikadhani nimemaliza. Lakini kila nikiosha, nywele zinakauka kama katani. Nikabadilisha shampuu mara nne, ya mwisho ikiwa ya shilingi 1,400, ambayo kwa mshahara wangu wa wakati ule ilikuwa uchungu. Ploti yetu ilikuwa inatumia maji ya kisima, na maji yale yaliacha ukoko mweupe ndani ya birika. Hata sabuni ya kufulia ilikataa kutoa povu. Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili. Mpaka jioni moja ya masika, mfereji ukiwa umekauka, nikakinga maji ya mvua kwenye beseni chini ya paa na kuoshea hayo. Shampuu ilikuwa ile ile, tena ile ya bei rahisi. Vidole vikapita kwenye nywele hadi mwisho bila kukwama. Nilisimama pale na povu likinichuruzika shingoni, nikarudia tena kupitisha vidole, kwa sababu sikuamini. Kama unakaa mahali penye maji ya chumvi kama yale ya kisima chetu, kabla ya kununua chochote jaribu kuosha kwa maji ya mvua mara moja.

Kosa langu lingine la Nakuru ni mafuta ya mgando. Kila asubuhi nilikuwa nayapaka kwenye nywele kavu, mengi, mpaka zinang'aa. Mafuta ya aina ile hayaleti maji. Yanafunika tu kilichopo. Ukifunika ukavu, unakaa na ukavu wako ndani. Watu wenye nywele za singa mafuta ya ngozi yao wenyewe huteremka unywele mzima bila shida, lakini kwetu kila mviringo ni kona ya kupanda na kushuka, hivyo ncha hukauka wakati ngozi ina mafuta ya kutosha. Na kwenye kila kona hiyo ndipo unywele ulipo dhaifu.

Nilipohamia Kisumu kikazi, nilipata joto la ziwa, jasho, na mvua za jioni zinazokuja ghafla na ngurumo. Wiki ya kwanza tu nywele zililainika zenyewe, bila mimi kufanya lolote. Zilijikunja pia kupita kiasi, lakini hilo ni jambo jingine. Mwezi wangu wa pili hapa nikaelekezwa kwa dada mmoja anayesukia nyumbani kwake Manyatta. Nilifika na nywele kavu, nimezichana vizuri kwa heshima, kama tunavyofundishwa kufanya kabla ya kwenda kusukwa. Akazishika, akanyamaza kidogo.

"Dada, ulizichana hivi, kavu?"

"Ndiyo."

"Usirudie. Hata unga haukandwi bila maji."

Akagawa kichwa mafungu manne, akayabana matatu. Fungu la nne akalipulizia maji ya vuguvugu mpaka likalowa kabisa, akatia kondishona, ya supamaketi ya kawaida tu, kisha akaanza na vidole, kwanza nchani, ndipo akapanda. Akikuta fundo hakulivuta. Alilishika kwa kidole gumba na cha shahada, akaliongeza maji, akalitanua taratibu hadi likafunguka. Chanuo la meno makubwa lilikuja mwishoni, likapita kama linapita kwenye maji. Kichwa kizima kilichukua karibu saa moja na nusu, na redio yake ikitangaza habari kwa Kiluo muda wote. Zilizotoka alizikusanya akanionyesha: kijipira kidogo, kama punje ya karanga. Nilikumbuka sakafu ile ya Nakuru. Alinitoza shilingi 600 pamoja na misokoto ya nyuzi mbili, na kama huduma ningeipa alama zote ila moja, kwa sababu hupati nafasi kwake bila kungoja wiki mbili, na mwisho wa mwezi hata tatu.

Tangu siku hiyo nafanya mwenyewe nyumbani kila baada ya siku kumi, na kwake naenda mara moja kwa mwezi. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha napaka mafuta ya nazi kwenye urefu wa nywele, si kwenye ngozi. Hili nililifuata kwa sababu lina msingi: utafiti wa India uliochapishwa 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yanayotokana na petroli, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa, kwa kuwa yanaweza kupenya ndani ya unywele. Asubuhi naosha ngozi kwa shampuu mara moja, kwa ncha za vidole, povu nikiliacha lishuke lenyewe kwenye nywele. Kondishona inakaa nusu saa chini ya kofia ya bafuni na taulo la moto. Zamani wasusi walitufunga mifuko ya plastiki, lakini tangu ipigwe marufuku Agosti 2017 kofia ya bafuni ndiyo inayotumika, na inadumu zaidi.

Joto hilo la taulo ni muhimu kwangu kwa sababu ya jambo ambalo nilichelewa kuligundua. Nilipoteza wiki nzima nikijaribu kujua kama mimi ni 4B au 4C, yaani aina za nywele kwa jinsi zinavyojikunja. Mpangilio huo wa namba na herufi ulianza na Andre Walker, msusi wa Oprah Winfrey, miaka ya 1990, na 4C iliongezwa baadaye na watu wengine. Lakini kichwani kwangu kuna aina tatu, kisogoni zinajikunja kama springi ya kalamu na utosini hazina umbo lolote, na kujua herufi hakukunisaidia kuamua chochote. Kilichonisaidia ni kuangalia tone la maji. Kwangu tone linasimama juu kama kwenye jani la nduma, linatetemeka, haliingii. Nywele za namna hiyo zinahitaji joto ili zipokee, na mafuta mazito zinayakataa. Dada yangu, tumbo moja, zake zinanyonya maji papo hapo na kukauka papo hapo, na mafuta mazito yanamfaa yeye.

Kuhusu siagi ya shea. Ile ya Afrika Magharibi niliyonunua Nakuru ilikuwa ngumu, nikaisugua kiganjani mpaka nikachoka, na ikabaki kwenye nywele kama nta. Hapa Kisumu Jumapili naenda soko la Kibuye, ambako mama mmoja anauza ya kaskazini mwa Uganda, inayopitia Busia. Mti wake ni jamaa wa ule wa Ghana lakini mafuta yake ni laini zaidi, na unaliona hilo kwa macho: weka kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kiganjani, kabla hujahesabu ishirini kimeanza kuwa maji pembeni, kikiacha harufu ya moshi na njugu. Kipande hicho kinatosha fungu moja, kwenye nywele zilizolowa. Nalipa shilingi 450 kwa nusu kilo na inanitosha miezi mitano. Kasoro yake ni joto la mji huu. Mchana kopo linayeyuka lote, usiku linaganda polepole na kuwa na chembechembe kama sukari. Haijaharibika. Iyeyushe juu ya maji ya moto, kisha uipoeze haraka ndani ya friji, itarudi laini.

Jeli ya mbegu za kitani ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Vijiko vinne vya mbegu kwa vikombe viwili vya maji, moto mdogo, koroga usiondoke, mpaka utelezi unaning'inia kwenye mwiko kama ute wa yai. Hapo ichuje ingali moto kwenye stokingi kuukuu, kwa sababu ikipoa haichujiki tena, nimeshatupa sufuria nzima kwa kuchelewa dakika chache. Mbegu za shilingi 100 zinatoa jeli ya wiki mbili. Inashika misokoto bila kuikaza na haiachi unga mweupe. Inachacha upesi, na stima zikipotea siku nzima ninaimwaga bila kufikiri mara mbili.

Gliserini ya kemisti, kijiko kimoja kwa nusu lita ya maji kwenye chupa ya kupulizia, inatosha Kisumu. Nakuru, ule upepo mkavu wa Januari, iliniachia nywele zinazonata na bado kavu. Mayai niliacha: protini yake ni kubwa mno kuingia kwenye unywele, na maji ya moto kidogo tu yanayapika huko huko kichwani. Parachichi nalo ni tamu, nalila tu.

Usiku nafunga kilemba cha satini. Leso ya pamba inanyonya kila nilichokiweka. Kwenye bodaboda kilemba hicho hicho kinakaa chini ya helmeti, na kwa vumbi la barabara zetu nimeona tofauti.

Leo, nikinyoosha unywele mmoja wa kisogoni kwenye rula, unafika sentimita 19. Ukiachiwa unarudi hadi sita. Zamani hilo lingenisikitisha. Sasa nauachia kwa makusudi kuuona ukirudi.

Ambacho sijakiweza ni kando za paji. Miaka ya rasta zilizokazwa mpaka nikashindwa kulala ubavu zilivuta nywele za pale, na nikaendelea kusuka juu ya maumivu. Napaka mafuta ya mbarika kila usiku, kidogo sana, na siwezi kusema kama ndiyo yanayosaidia au ni kwa sababu nimeacha kuzivuta. Upande wa kulia zimeota, fupi na laini kama za mtoto. Kushoto bado ngozi inaonekana, upana wa vidole viwili. Daktari wa ngozi ameniambia mizizi ikiwa haijafunga kabisa bado kuna nafasi, na nisisuke kitu chochote pale kwa mwaka mzima. Nimefikisha miezi sita.