Somo la familia lilivyonitibua: uzoefu wangu na kozi ya Kipolandi ya mtandaoni

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Kozi yenyewe siitaji jina, sitaki kesi na mtu. Ni ya kulipia kwa mwezi: mazoezi unafanya mwenyewe kwenye programu ya simu, halafu kila wiki mnakutana na mwalimu kwa video, wanafunzi wachache kutoka huku na kule. Bei na ngazi zake mtajisomea wenyewe. Mimi nina neno na somo moja tu, somo la familia, ambalo wao wanaliita Rodzina.

Nimeolewa huku Polandi, tunaishi Kraków, na ukoo wa mume wangu uko kijijini upande wa Rzeszów. Nilichokitaka kwenye kozi hakikuwa kikubwa. Nikae mezani na mama mkwe na bibi yao, niulizwe habari za kwetu, nijibu mwenyewe bila mume wangu kunitafsiria. Ukiolewa ugenini unaulizwa mambo mawili kila unapoingia nyumba ya watu: umeshazoea baridi, na kwenu mko wangapi. La baridi nilishalijua kulijibu. Hilo la pili ndilo nililolipia hela.

Niwape haki yao kwanza, maana kuna kazi nzuri waliyoifanya. Sauti zao ni safi mno. Neno kama siostrzenica au teściowa unalisikia polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida, mara kwa sauti ya kike, mara ya kiume, unarudia mpaka ulimi unakubali. Na mazoezi ya miisho ya maneno sijaona kama yao. Anayejifunza Kipolandi anajua mateso yenyewe: dada ni siostra, lakini ninaye dada mmoja ni mam siostrę, sina dada ni nie mam siostry, wakiwa wawili ni dwie siostry, wakifika watano ni pięć sióstr. Kwa kaka unaanza upya: mam brata, dwóch braci, pięciu braci. Mkiwa mmechanganyika wavulana kwa wasichana hesabu inageuka tena, unasema troje rodzeństwa, pięcioro rodzeństwa. Na tata, ambalo linaishia kama maneno ya kike, bado ni mój tata. Hata namna ya kumwita mtu walituzoesha vizuri: bibi ni babcia, lakini ukimwita anakuwa babciu, ciocia, yaani shangazi au mama mdogo, anakuwa ciociu, mama mkwe unamwita mamo kama wanavyomwita wanawe. Nikawa najibu hata nikiwa kwenye tramu. Wakati huo mtu angeniuliza ningempa kozi hii nyota nne bila kusita.

Ikaja siku ya video. Kila mmoja aelezee familia yake kwa picha. Nilikuwa nimejiandaa vilivyo, picha nimeichagua, sentensi nimezipanga. Nikasema nina kaka watatu na dada wawili, trzech braci, dwie siostry, miisho yote imekaa mahali pake. Nikaanza kuonyesha: huyu ni mkubwa wetu, huyu anayefuata ni mtoto wa baba mdogo, tumelelewa nyumba moja. Mwalimu akanikatiza. Huyo si brat, yaani kaka, huyo ni kuzyn, binamu. Sawa, nimekuja kujifunza, nikarekebisha. Nikaendelea. Akanikatiza tena: "Wa kweli una wangapi?"

Wa kweli. Nikamjibu kwamba wote ni wa kweli, na kwamba huyo baba mdogo ndiye aliyenisomesha, na ndiye aliyekaa kiti cha mbele kupokea barua ya posa mume wangu alipokuja kwetu. Yote hayo niliyasema kwa Kipolandi, kwa kutafuta neno moja moja. Yeye alikuwa anakoroga chai, kijiko kinagonga kikombe, wala hatazami kamera. Kisha akasema, na nakumbuka hadi kicheko kilichofuata: "Sasa huko kwenu mnajuaje baba ni nani?" Wanafunzi wawili wakacheka. Akamwita anayefuata.

Sikusema kitu tena mpaka kipindi kikaisha. Nilinywea. Mtu anakutukania baba zako mbele ya wageni, na wewe ndiye unayemlipa.

Hata kwetu ni wapi hakuuliza. Kwetu ni Tengeru, nje kidogo ya Arusha. Wapolandi wanaosoma historia yao wanalijua jina hilo, maana wakati wa Vita Kuu ya Pili watu wao waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti walitoka kupitia Iran wakaletwa Tanganyika, na hapo Tengeru pekee waliishi kama elfu tano, wengi wao wanawake na watoto. Makaburi yao yapo mpaka leo na yanatunzwa. Kama alitaka kulichangamsha darasa la familia, alikuwa na mwanafunzi kutoka mahali ambapo familia za Kipolandi zilizotawanywa zilipata pa kukaa. Yeye akachagua kunicheka.

Nikasema basi, nimwache mwalimu, nimalizie mazoezi kwenye programu. Huko nako wamechora mti wa familia wenye nafasi za kujaza. Baba, mama, babu na bibi, wujek (mjomba), ciocia, kuzyn, basi. Nafasi ya ndugu wa kiume wa baba nikaandika stryj, neno nililolisikia kijijini kwa bibi wa mume wangu. Kisanduku kikawa chekundu: ulimaanisha wujek? Nikaandika tena stryj, chekundu. Stryjek, chekundu. Na somo linalofuata halifunguki mpaka ujaze wujek kama wanavyotaka wao. Nikawaandikia huduma kwa wateja nikaeleza kwa heshima kabisa. Jibu likaja haraka, nadhani lilikuwa limeshaandikwa siku nyingi: wananishukuru kwa maoni, neno hilo halimo katika A1, ngazi ya wanaoanza. Mwishoni kikatuni cha manjano kinachotabasamu.

Jamani, hilo neno ni lao! Kipolandi kina stryj kwa ndugu wa kiume wa baba na wuj kwa ndugu wa kiume wa mama. Ni baba mdogo na mjomba, wamegawanyika kama kwetu. Mke wa stryj ni stryjenka, mke wa wuj ni wujenka. Mtoto wa kaka ni bratanek, wa kike bratanica; mtoto wa dada ni siostrzeniec, wa kike siostrzenica. Na huyo mtoto wa baba mdogo aliyenitia matatani, jina lake kamili la kizamani ni brat stryjeczny. Brat! Wa upande wa shangazi au mama mdogo ni brat cioteczny. Kwa hiyo mababu zao mwalimu huyo walimwita kaka mtu yuleyule ninayemwita kaka mimi, na hakuna aliyewauliza kama wanawajua baba zao.

Najua mjini siku hizi wujek limemeza yote mawili, na kijana wa Kraków ukimwambia stryj atakuona umetoka kwenye hadithi za zamani. Silibishii hilo. Lakini huku kusini vijijini bado linasemwa, na mimi ndiko niliko na wakwe. Halafu hao hao vijana wa mjini, rafiki wa mama yao wanamwita ciocia bila kuzaliwa naye popote. Walezi kwenye vituo vya watoto wachanga wanaitwa ciocia na watoto wote. Hapo hakuna anayeuliza ciocia wa kweli ni yupi.

Aliyenifundisha somo hilo ni bibi. Tulikwenda kijijini mkesha wa Krismasi, wenyewe wanauita Wigilia, meza imejaa, supu ya viazisukari vyekundu ina vijimandazi vidogo vya uyoga ndani, samaki kapu, na sahani moja ya ziada imewekwa kwa mgeni yeyote atakayebisha hodi. Baada ya kula akatoa albamu. Kidole chake cha shahada kimepinda kwa uzee, akawa anakiweka chini ya kila uso, anataja, ananingoja nirudie. To stryjek. To stryjenka. A to mój brat cioteczny. Nikakosea mwisho wa neno, akalirudia bila haraka, nikalipata. Kisha akaniambia nami nitoe zangu. Nikafungua simu, ile ile picha ya siku ile ya video. Nilipofika kwa baba mdogo akauliza, stryj? Nikasema tak, stryj. Akataka kujua ni mkubwa au mdogo kwa baba. Młodszy, mdogo. Akauliza ana watoto wangapi, mkewe ni mzima, nani anawasaidia shambani. Sikuulizwa nani wa kweli. Nilizungumza Kipolandi usiku ule kuliko vipindi vyote vya video nikivijumlisha, na mume wangu alikuwa jikoni anaosha vyombo na ndugu zake, hakunisaidia hata neno.

Sasa hapa ndipo ninapopata tabu ya kutoa hukumu. Ile miisho niliyoitumia kwa bibi nilifundishwa na nani? Na programu ile ile. Bila ile pięć sióstr niliyoirudia kwenye tramu nisingeweza kumweleza lolote. Ndiyo maana niliporudi Kraków nilikuwa nimeandaa nyota tatu na maneno ya upole, nikasema labda mwalimu aliamka vibaya.

Tena nikajiambia, mwalimu ana hoja ambayo hakuijua kuieleza. Huku karatasi za ofisini hazina mchezo na maneno ya familia. Kanuni za kazi zinampa mfanyakazi siku mbili za ruhusa yenye malipo akifiwa na baba, mama, mwenzi au mtoto, na baba au mama wa kambo pia. Siku moja kwa kaka, dada, babu, bibi au wakwe. Stryj hayumo. Wujek hayumo. Kazini kwetu kuna kaka mmoja wa Burundi alifiwa na baba yake mdogo, akaandika ojciec kwenye fomu, kwa sababu kwake ni baba. Watu wa utumishi wakataka cheti cha kifo, majina hayakuoana na nyaraka zake, akaonekana mwongo ndani ya msiba. Nilimhurumia sana. Maneno mawili tu yangemwokoa, na mtu wa kumwambia alikuwa mwalimu wake wa lugha: kwenye fomu andika stryj, umwombe bosi siku za likizo yako, nyumbani mwite baba, hakuna anayekuzuia. Hiyo ni dakika moja ya somo. Mwalimu wangu dakika hiyo alikuwa nayo, akaitumia kuuliza kama kwetu tunawajua baba zetu.

Nikiifikiria hivyo damu inachemka upya. Niliomba nibadilishiwe mwalimu, nikaambiwa walimu wanapangwa na mfumo. Niliomba kipindi kile kirekodiwe upya au nirudishiwe hela yake, kimya. Halafu juzijuzi, bila aibu, simu ikalia: hongera, umekamilisha Rodzina, na beji ya dhahabu yenye nyumba na watu wanne, baba mmoja, mama mmoja, watoto wawili. Chini yake kitufe cha kulipia miezi mingine.

Nimezifuta zile nyota tatu. Nimeweka moja, na nimeweka moja kwa sababu mfumo haukubali sifuri. Waliorekodi zile sauti wanisamehe, kazi yao ni nzuri na nasema wazi ukitaka kunyoosha matamshi utafaidika, fanya mazoezi ya programu na vipindi vya video uvikimbie. Lakini kama una mama wakubwa, baba wadogo, mashangazi na kaka mliogawana shuka moja utotoni, usiende kuwataja mbele ya yule mtu.

Kifurushi changu kinaisha mwisho wa mwezi na sikiendelezi. Natafuta mwalimu, Kraków au hata kwa simu, anayefundisha stryj na wujek yote mawili na anayejua kumsikiliza mwanafunzi mpaka amalize sentensi. Mwenye kumjua aniachie ujumbe hapa chini, na kama mmekutana na mwalimu wa namna ya huyu wangu, semeni mlifanyaje, maana kuna mdogo wangu anakuja kusoma Wrocław na sitaki ayapate haya.